Ahadi ya Mwendo

Mwendo wa kasi ni tamaa ya kale katika moyo wa mwanadamu. Alipokuwa hana chombo alishindana kwa miguu. Alipofuga farasi alishindana kwa farasi. Alipounda jahazi alishindana kwa tanga. Katika mashindano hayo sheria ilikuwa moja: atanguliaye ndiye mshindi. Walakini yako mashindano ambayo mtu aweza kutangulia akashindwa, na kushindwa kwake kukawa haki. Ni mashindano ya pikipiki katika njia iliyonyoka, hasa yale ya watu wa ridhaa, na swali litokalo humo ni kubwa kuliko mchezo wenyewe: ushindi ni kumpita mwenzi, au ni kulitimiza neno lililosemwa?

Mchezo huu ulikulia Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mwaka 1950 uwanja wa ndege wa Santa Ana, California, ulianza kutumika kwa mashindano hayo, na mwaka 1951 Wally Parks alianzisha chama cha National Hot Rod Association, ambacho nia yake moja ilikuwa kuwatoa vijana katika mbio za hatari za barabarani na kuwapa mahali pa salama. Uingereza ilipata njia ya Santa Pod mwaka 1966, katika uwanja wa zamani wa ndege za vita huko Podington, Bedfordshire. Hivyo, mahali palipotumika kurusha ndege za mabomu pakawa pa watu wanaoshindana bila kuuana. Urefu wa njia kwa desturi ni robo maili, yaani futi 1,320. Wapandaji wawili husimama sambamba, taa huwaka, nao huondoka; baada ya sekunde kumi hivi yote yamekwisha. Wahenga walisema kuwa mbio za sakafuni huishia ukingoni. Hapa ukingo hupimwa kwa mwali wa nuru, na saa haina upendeleo.

Mshindani wa ridhaa hana mshahara wa mchezo huu. Siku tano za juma hufanya kazi nyingine, na Jumamosi asubuhi hufika na pikipiki yake, vifaa vyake na akiba yake ndogo. Siku ya kwanza aghalabu ni ya majaribio. Hulizungusha gurudumu la nyuma juu ya maji mpaka litoe moshi, ili tairi lipate joto na lishike vema. Huenda mwendo wake. Kisha hupewa karatasi yenye hesabu ya safari yake, tangu futi 60 za kwanza mpaka mwisho. Karatasi ile ndiyo kioo chake. Humwonyesha kama aliiachia klachi kwa pupa, kama alichelewa kubadili gia, kama jua kali liliifanya hewa nyepesi na kuipunguza nguvu ya injini. Jumapili ni siku ya mtoano: ashindwaye mara moja hufunga mizigo.

Kabla ya kila shindano mpandaji hutaja muda atakaotumia. Mmoja aweza kutaja sekunde 10.20, na mwenziwe 9.60. Yule wa mwendo mdogo huwashiwa taa ya kijani sekunde 0.60 mbele, ili kila mmoja akitimiza neno lake wafike pamoja. Aondokaye kabla ya kijani huwashiwa nyekundu, na amekwisha shindwa. Aendaye upesi kuliko alivyotaja naye hushindwa, isipokuwa mwenziwe amekosa zaidi. Basi na itwaliwe kuwa mwenye 10.20 amechelewa kuondoka kwa sekunde 0.020 na kwenda kwa 10.25, na mwenye 9.60 amechelewa kwa 0.050 na kwenda kwa 9.64. Mwenye chombo cha mwendo mdogo atafika mbele kwa sekunde 0.020, umbali usiotimia urefu wa pikipiki moja. Mwenye kasi alikuwa karibu zaidi na hesabu yake njiani, lakini aliipoteza faida ile pale alipoiona taa na asiondoke.

Wako wasioipenda sheria hii. Husema kuwa kumwadhibu mtu kwa kwenda upesi ni sawa na kumwadhibu mwimbaji kwa kuimba vizuri. Hoja hii si ya kudharauliwa, maana mbio zisizotaka mbio ni kitendawili. Lakini kasi katika mitambo huuzwa na kununuliwa. Kama sheria ingekuwa kasi peke yake, mfuko mzito ungeushinda mwepesi kabla taa haijawaka. Sheria ya ahadi humweka fundi maskini mwenye chombo cha zamani karibu na tajiri mwenye chombo kipya, na humwuliza kila mmoja swali lisilonunulika: wajijua?

Shida kubwa zaidi imo ndani ya sheria yenyewe. Jumapili jioni jua likipungua, hewa hupoa na injini hupata nguvu. Mpandaji anajua kuwa sasa aweza kwenda kwa 10.12. Aweza kuitaja hesabu hiyo, na akikosea kidogo tu ashindwe. Aweza vilevile kutaja 10.20, akabakiza nguvu, akamtazama mwenziwe karibu na mwisho na kushika breki ili apite mbele yake kidogo. Wengi huuita huo werevu, nao wana hoja: kila mshindani anajua kuwa mwenziwe aweza kufanya hivyo, na panapotarajiwa hila hapana aliyedanganywa, kama vile sokoni bei ya kwanza haimhadai mnunuzi mzoefu.

Hoja hiyo humwondolea mtu lawama ya mwenziwe. Haimwondolei hasara yake mwenyewe. Muuzaji sokoni huficha bei kwa sababu ana faida ya kutia mfukoni. Mtu wa ridhaa amekuja kwa faida gani? Kikombe hakirudishi gharama ya matairi, wala mkono wa pongezi haulipi petroli. Ujira wake wa kweli ni ile karatasi, ushahidi wa jinsi yeye na chombo chake walivyo. Akishika breki ili kuificha kweli, karatasi humletea uongo alioutunga mwenyewe, naye hurudi nyumbani akiwa ameshinda na hajui kitu. Tena kugeuza shingo na kushika breki katika mwendo wa maili zaidi ya 120 kwa saa ni kuuweka mwili rehani kwa ajili ya sehemu ndogo ya sekunde.

Ahadi ni deni, na deni la namna hii lina mdai wa ajabu, kwa kuwa mdai na mdaiwa ni mtu mmoja. Ajisifuye kupita uwezo wake huchelewa kuifikia hesabu yake. Ajipunguzaye hukamatwa na saa, au hulazimika kujizuia mbele ya watu. Kati ya majivuno na unyenyekevu wa uongo iko njia nyembamba, nayo ni kusema kweli juu ya nafsi. Mpandaji aliyetaja 10.12 jioni ile, akaenda kwa 10.13 na kushindwa na aliyekuwa mwepesi wa taa, hufunga mizigo yake mapema. Jumatatu hurudi kazini bila kikombe. Lakini alitaja kipimo chake mbele ya watu, akakikaribia kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Na wako watu wengi walioishi miaka mingi wasiweze kusema hivyo juu ya jambo lolote la maisha yao.