Ukimfunga mnyama, umejifunga wewe

SIFA zote njema anastahiki Allah (SW), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), aali zake na sahaba zake wote.

Ndugu msomaji, kila inapokaribia Idd el-Hajj mazungumzo yetu hapa mjini ni bei ya mbuzi. Nani kapata wa bei nafuu mnadani Pugu, nani analetewa wake kutoka kijijini. Ni mara chache sana namsikia mtu akiuliza mbuzi huyo alifungwaje, na alisafiri vipi mpaka akafika. Leo tulizungumze hilo, kwani ni suala la dini kabla ya kuwa suala la ufugaji.

Sote tunaijua Hadithi ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka, iliyopokewa na Ibn Umar (RA) na kuthibiti kwa Bukhari na Muslim. Wengi wetu tunaichukua kuwa ni Hadithi ya huruma tu. Lakini tuitazame vizuri. Mtume (SAW) alitaja mambo mawili: kwamba mwanamke yule hakumlisha paka, wala hakumwachia akajitafutia mwenyewe vijidudu vya ardhini. Paka aliye huru ana riziki yake. Akiona njaa atawinda, akiona jua atahama. Ukimfungia umemnyang'anya miguu yake, na tangu dakika ile njaa yake, kiu yake na joto lake viko juu ya shingo yako.

Kufuga na kufunga si dhambi. Abu Umayr, ndugu yake Anas bin Malik (RA), alikuwa mtoto mwenye kindege chake, na kilipokufa Mtume (SAW) alimliwaza. Hakumkemea kwa kukifuga. Na wakati mwingine kufunga ni haki ya jirani. Sura ya al-Anbiyaa, aya ya 78, inatutajia hukumu ya Nabii Daudi na Nabii Suleiman (AS) kuhusu mifugo iliyoingia usiku katika shamba la watu. Kwa hiyo swali si kama tufunge, bali tunafungaje.

Nimefika Myamba mara kadhaa, kule Same katika milima ya Upare. Kule ardhi imesimama, na mashamba ya watu yamepakana, hivyo mbuzi hawezi kuachwa azurure. Nimeona mabanda ya kupendeza: yamejengwa kwa miti, sakafu imeinuliwa ili samadi idondoke chini, paa halivuji, upande wa upepo umezibwa kwa sababu usiku kuna baridi, na majani yanaletwa kila siku. Mwenye banda kama hilo amemfungia mnyama wake, na amelipa deni la kufungia.

Nimeona na upande wa pili. Mbuzi kafungwa kwa fundo la kitanzi shingoni, kamba ndefu, kigingi ukingoni mwa tuta. Akiteleza, ananing'inia. Ndugu Waislamu, Sura ya al-Maida, aya ya 3, inataja miongoni mwa vilivyoharamishwa mnyama aliyekufa kwa kunyongeka na aliyekufa kwa kuporomoka kutoka juu, isipokuwa yule tutakayemwahi na kumchinja akiwa hai. Fundo moja baya linamtesa kiumbe na kuigeuza mali yako ya halali kuwa nyamafu. Dawa yake haina gharama: fundo lisilojikaza, mahali tambarare, kivuli ambacho jua likihama nacho hakipotei, na chombo cha maji kisichopinduliwa na kamba.

Tuje kwenye safari. Sura ya an-Nahl, aya ya 7, inatukumbusha neema ya wanyama wanaotubebea mizigo mpaka nchi tusizoweza kuzifikia ila kwa mashaka. Leo mambo yamegeuka, sisi ndio tunaowabeba. Je, tunawabeba kama wao walivyotubeba?

Mbuzi wa Myamba anatolewa kwenye baridi ya mlimani, anateremshwa kwenye joto la tambarare za Maore na Ndungu, kisha anapelekwa Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 400. Mara nyingi anasafiri ndani ya buti la basi, miguu imefungwa yote minne, pembeni mwa magunia na masanduku. Hakuna hewa wala mwanga, na vumbi linaingia. Kuku wanafungwa miguu na kuning'inizwa vichwa chini kwenye bodaboda. Kuku hatoi jasho. Hujipoza kwa kuhema. Ukimnyima hewa umemnyima pumzi na umemnyima ubaridi. Na anayemwacha paka au mbwa ndani ya gari lililofungwa juani, akisema "narudi sasa hivi", ajue kwamba nusu saa tu yatosha joto la ndani kupanda kwa zaidi ya digrii 15 juu ya lile la nje.

Imamu Izzuddin bin Abdis-Salaam, aliyefariki mwaka 1262, aliziorodhesha haki za wanyama juu ya mwanadamu. Miongoni mwake ni kuwalisha, kutowabebesha wasichokiweza, na kutowaweka pamoja na wanaoweza kuwaumiza kwa kuwapiga pembe au kuwavunja. Hata nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Lakini Muislamu hangoji polisi wa barabarani.

Kwa hiyo, unayeagiza mnyama kijijini, usiulize bei peke yake. Lipia gari la wazi lenye kingo ndefu, sakafu yenye majani makavu asiteleze, na nafasi ya kusimama. Kuku watiwe kwenye tenga lenye matundu, bila kusongamana. Wenye pembe kali watengwe. Dereva asimame njiani, wanyweshwe, atazamwe aliyeanguka. Chukua kibali cha afisa mifugo. Na kumbuka kwamba mnyama mwenye kilema cha wazi hafai kwa udh-hiya. Utajibu nini ikiwa mguu umevunjikia ndani ya buti kwa sababu ulikwepa nauli?

Mtume (SAW) aliingia katika bustani ya mtu wa Ansari, ngamia akamlilia. Akampangusa machozi, kisha akamwita mwenyewe na kumuonya amche Allah kwa mnyama aliyemilikishwa, kwani ngamia amelalamika kwamba anashindishwa njaa na kuchoshwa. Mbuzi wetu ndani ya buti naye analia. Sisi hatuielewi lugha yake, lakini Mola wake anaielewa.

Allah atujaalie tuwe waaminifu kwa kila tulichokifunga kwa mikono yetu. Amin.