Mhandisi wa Chini ya Ardhi

Leo nakuletea Joseph Bazalgette, mhandisi mkuu wa bodi ya ujenzi ya London tangu 1856 hadi 1889. Miaka 33, jiji moja!

Kiangazi cha 1858 mto Thames ulioza kwa kinyesi, ukanuka hadi mapazia ya Bunge yakalowekwa dawa ya chokaa. Fedha za mitaro ya maji taka, zilizokuwa zikipigwa danadana kwa miaka, zikapatikana upesi. Uvundo ulikuwa umefika puani mwa wakubwa.

Bazalgette akajenga mitaro mikuu ya matofali, takriban kilomita 130, ya kukinga maji taka yasiingie mtoni katikati ya mji na kuyapeleka mashariki. Saruji alitaka ipimwe kwanza ndipo itumike. Kipindupindu kiliporudi mwaka 1866, kilishika zaidi mashariki mwa jiji, ambako kazi ilikuwa haijakamilika. Kwingine watu wengi walinusurika.

Na enzi hizo wengi waliamini ugonjwa huo huletwa na hewa chafu. Jiji lilimtuma aondoe harufu. Kumbe alikuwa akisafisha maji, njia halisi ya ugonjwa.