Habari ya Viapo Vyetu vya Kila Siku

Wapenzi katika Bwana, na hasa ninyi walimu wa mitaa mnaofundisha watoto Amri Kumi: kabla hamjayasoma maneno haya, fungueni Mat. 5, mstari wa 33 hata wa 37, mkasome polepole. Nataka tuyapime mafundisho hayo ya Bwana wetu kwa maneno yanayosikiwa hapa Masaki, na Kisarawe, na Maneromango, njiani, sokoni, na nyumbani mwetu wenyewe.

Mtu auza gunia la mkaa. Mnunuzi amwuliza, "Je, chini ni makaa au ni vumbi?" Naye ajibu, "Haki ya Mungu, ni makaa matupu." Mwenye pikipiki aulizwa nauli, aapa. Aliyechelewa kazini aapa. Mwanamke asimulia habari ya jirani yake, na kila neno la tatu ni "wallahi", kama mpishi atiavyo chumvi. Hakuna aliyekwenda kwa hakimu, wala hakuna aliyetaka ushahidi, lakini Mwenyezi Mungu ameitwa mara kumi kabla ya saa nne asubuhi, awe shahidi wa mkaa na wa nauli.

Wako Wakristo wadhanio ya kuwa "wallahi" ni neno la Waislamu tu, na Mkristo akilitamka ni mchezo wa ulimi. Sivyo. Neno lile ni la Kiarabu, maana yake ni kuapa kwa Mungu, nalo pamoja na "haki ya Mungu" ni kiapo kimoja chenye nguo mbili. Wala tusiwasingizie jirani zetu Waislamu, tukisema dini yao imeruhusu jambo hili. Kurani katika sura ya pili hukataza mtu kuliweka jina la Mungu katika kiapo ili limzuie kutenda mema na kupatanisha watu. Na katika sura ya tano, aliyevunja kiapo alichokikusudia aamriwa kulisha maskini 10 au kuwavika, au kumweka huru mtumwa, na asiyeweza hayo afunge siku 3. Basi mzee wa msikiti na mzee wa kanisa wana neno moja la kuwakemea vijana wao.

Tena wako waliokwisha kujua ya kuwa jina la Mungu ni zito, wakatafuta njia ya kando. Hawasemi "haki ya Mungu", bali "haki ya mama", au "haki ya nani vile", wakidhani wamepona. Hivyo ndivyo walivyofanya watu wa siku za Bwana Yesu. Waliapa kwa mbingu, kwa Yerusalemu, kwa vichwa vyao. Na katika Mat. 23 mtawaona walimu wao wakibishana ya kuwa kiapo kwa hekalu si kitu, ila kiapo kwa dhahabu ya hekalu chamfunga mtu. Bwana aliziziba njia hizo zote, kwa kuwa hakuna kitu ambacho si mali ya Mungu, hata unywele mmoja hatuwezi kuugeuza rangi. (Najua, dawa ya nywele yauzwa dukani, lakini mvi zarudi baada ya wiki chache.) Na mama naye, je, ni nani aliyemwumba? Mwenye kuapa kwa haki ya mama amemtaja Mungu kwa mlango wa nyuma.

Sasa tazameni watoto. Mtoto wa miaka sita hulamba kidole, akakielekeza juu, akaapa kama mtu mzima. Ni nani aliyemfundisha? Sukari imepungua koponi. Mama auliza, "Nani ameila?" Mtoto ajibu, "Si mimi, mama." Mama amwambia, "Apa!" Hapo mtoto amejifunza mambo mawili kwa mara moja: ya kuwa neno lake tupu halitoshi, na ya kuwa jina la Mungu laweza kumwokoa na fimbo. Kesho ataapa kabla hajaulizwa. Nionavyo mimi, kosa la mwenye kudai kiapo si dogo kuliko la mwenye kuapa. Mama na amwulize mtoto alikuwa wapi, na pamoja na nani. Kisha amtazame midomo. Sukari haijifichi.

Mwalimu mmoja aweza kuuliza: Je, Mkristo akiitwa shahidi katika Mahakama ya Mwanzo, akatae kuapa? Wako ndugu waaminifu wasemao, akatae. Wamennonite, ambao misheni yao ilifika Shirati mwaka 1934, wameshika fundisho hilo tangu baba zao wa Ulaya. Kanisa letu halifundishi hivyo. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika sehemu ya 16, lasema ya kuwa Mkristo aweza kuapa akitakiwa na wenye mamlaka. Naye Luther, katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, aeleza ya kuwa kiapo cha namna hiyo ni kwa faida ya jirani, maana chaitetea kweli na kukomesha ugomvi. Ni katika Amri ya Pili hiyo hiyo (wenzetu Waanglikana huihesabu ya tatu) ndipo tunapofundishwa kuliita jina la Mungu katika shida, na kumwomba, na kumshukuru. Jina halikufichwa. Lina mahali pake, na gunia la mkaa si mahali pake.

Habari ya matusi nitaisema kwa kifupi. Matusi ya nguoni, yale ya kumtaja mama ya mtu, hayahitaji mahubiri marefu. Hata Kanuni za Adhabu za nchi, kifungu cha 89, zinayahesabu kuwa kosa yakiwa ya kuweza kuvunja amani. Lakini utani ni jambo jingine. Sisi watu wa Uzaramo tuna watani wetu, nao huja msibani na kututolea maneno makali, na wafiwa hucheka katikati ya machozi. Mimi siuiti utani huo dhambi, maana mtani ajua mpaka wake, na pengine afariji kuliko mhubiri. Dhambi ni ya yule asiye mtani, mwenye kinyongo cha mwaka mzima, ajifunikaye nguo ya utani apate kumchoma nduguye.

Liko jambo moja lililobaki, nalo ndilo lililonitia kalamu mkononi. Ndugu wawili wagombana kwa ajili ya mpaka wa mikorosho. Mmoja asema kwa hasira, "Haki ya Mungu, sitakanyaga tena nyumbani kwako!" Miaka yapita. Hasira imekwisha, mikorosho imezeeka, lakini mtu haendi. Akiulizwa ajibu, "Nimeapa." Wengine wamefikia hata kutomzika nduguyo wa tumbo moja. Je, kiapo hicho kimemfunga? Herode naye alidhani amefungwa, akamkata Yohana kichwa kwa ajili ya neno alilolisema mezani mbele ya wageni. Lakini someni 1 Sam. 25. Daudi aliapa ya kuwa hatamwachia Nabali mwanamume hata mmoja hata kutakapopambazuka, akatoka na watu 400 wenye panga. Njiani alikutana na Abigaili, mke wa Nabali, na punda waliochukua mikate 200, na divai, na kondoo 5 waliokwisha kutengenezwa. Daudi hakusema, "Nimeapa." Alimshukuru Mungu aliyemleta mwanamke yule amzuie asimwage damu, akazipokea zile zawadi mkononi mwake, akamwambia arudi nyumbani kwa amani. Nao wale watu 400 wakageuka, wakarudi.