Hadiya ya Manukato na Haki ya Mwenye Kupewa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetupa pua kama alivyotupa macho na masikio, na rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baad:

Tuliulizwa na kijana mmoja wa mtaani kwetu suala ambalo kwa dhahiri yake ni dogo. Alitaka kumpelekea mjomba wake, ambaye ndiye aliyemlea, chupa ya manukato siku ya Idi. Akasema: "Shekhe, nimnunulie yale niyapendayo mimi, kwa kuwa Mtume ametuamrisha tumpendee ndugu yetu tunachojipendea wenyewe? Au nimtafutie yale ayapendayo yeye, hatta ikiwa kwangu mimi si kitu?" Wenzake waliokuwapo barazani walicheka, wakasema, chupa ya mafuta tu, nayo yataka fatwa! Sisi hatukucheka, kwa sababu suala lile lilitukumbusha jambo letu wenyewe, nalo tutalieleza mahali pake.

Yajulikana kwa kila aliyesoma hadithi ya kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akiyapenda manukato. Anas (R.A.) amepokea kuwa hakuwa akiyarudisha anapopewa, na khabari hiyo imo katika Bukhari. Na katika Muslim, kwa mapokezi ya Abu Hurayra (R.A.), yamekuja makatazo wazi: mwenye kutolewa rihani asiikatae, na sababu yake imetajwa papo hapo, ya kuwa ni kitu chepesi kuchukulika na harufu yake ni njema. Abu Daud naye amepokea mfano wa hayo, na tamko lake ni manukato.

Basi tazama, ndugu msomaji, jinsi hukumu hii inavyomfunga mwenye kupewa. Mtu akiletewa kanzu isiyomkaa, aweza kusema kwa upole kuwa yambana. Akiletewa kitabu alicho nacho, aweza kusema ninacho, mpe mwingine. Walakini akiletewa manukato, mcha Mungu hunyosha mkono akapokea, akajipaka mbele ya mtoaji, akamwombea dua. Wala hasemi kuwa harufu hii yaniumiza kichwa. Mlango wa kukataa umefungwa upande wake. Nasi twaona ya kuwa mlango ukifungwa upande mmoja, mzigo humwendea aliye upande wa pili. Mpokeaji akiwa hana nafasi ya kuchagua, basi mtoaji amekuwa wakili wake katika kuchagua, apende asipende. Na wakili asiyeuliza khabari za yule anayemwakilia, huyo ni wakili wa namna gani?

Hapa ndipo mahali pa kisa chetu. Tuliporejea Hija, miaka mingi iliyopita, tulimletea shangazi yetu kutoka Makka tola moja ya mafuta ya udi, kwa bei ambayo hatujapata kuitoa kwa kitu cha nafsi zetu. Tulichagua kwa pua yetu. Tulinusa, tukafumba macho, tukasema, hii ndiyo hadiya ya mtu mzima mwenye heshima yake. Shangazi alipokea kwa mikono miwili, akajipaka nyuma ya masikio, akatuombea dua ndefu. Tangu siku ile, kila tukienda kumzuru, harufu ya udi wetu hutupokea mlangoni, nasi hufurahi kimoyomoyo.

Alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, binti yake alifungua sanduku lake, akatuonyesha chupa ile. Ilikuwa imepungua kidogo sana, mfano wa unene wa kidole. Kando yake palikuwa na vichupa vya mafuta ya asumini, vitupu vyote. Binti akasema: "Mama alikuwa na pumu. Udi, wa kupaka na wa kufukiza, ulikuwa ukimbana kifua. Akisikia mwaja, hujipaka kwa ajili yenu, kisha usiku ule halali." Alituambia hayo bila ya lawama, kama mtu atoaye khabari tu. Miaka kumi na moja tulikuwa tukiingia nyumba ile, na katika miaka hiyo hatukumwuliza hatta mara moja kama yampendeza.

Sasa turudi kwenye suala la kijana. Hadithi aliyoitaja ni sahihi, imo katika Bukhari na Muslim, nayo ni nguzo katika tabia za Mwislamu. Walakini ni kipi hasa ninachojipendea? Mimi napenda udi. Je, najipendea udi kwa kuwa ni udi? La. Najipendea kwa kuwa wanifaa, na pua yangu yaburudika nao. Pua yangu ingalikuwa nyingine, ningalipenda kingine. Nikitazama ndani zaidi, naona ya kuwa mtu akitaka kunipa kitu, ninachojipendea kabla ya kitu chenyewe ni kwamba ameniangalia mimi, akajua ni nani anayempa. Basi nikimpendea ndugu yangu hilo, sina budi kuiacha pua yangu nyumbani niendapo dukani. Aliyempa mwenziwe udi kwa sababu yeye aupenda, amejipa nafsi yake, kisha akamchukulisha mwenziwe chupa.

Huenda mtu akasema: ikiwa ni hivyo, mtoaji amekuwa tarishi tu, afadhali ampe ndugu yake fedha akajinunulie. Sivyo. Fedha humwondolea mtoaji taabu ya kumjua mwenziwe, na taabu hiyo ndiyo nusu ya hadiya. Tena hatusemi ya kuwa ni lazima kumpa mtu kile kile alichokizoea tangu utotoni. Wako watu waliokulia katika asumini na kilua, wakaja kuonjeshwa ambari uzeeni wakaipenda mno. Mwenye kutaka kumfungulia mwenziwe mlango mpya na afanye, ila aanze na robo tola, wala asianze na chupa kubwa ambayo mwenziwe ataona haya kuiacha ikae.

Liko jambo jingine katika hadithi ile ambalo watu hulipita mbio, nalo ni ule wepesi. Wanavyuoni waliieleza sababu hii kwa maana mbili: kuwa ni nyepesi mkononi, na kuwa haina uzito wa fadhila, yaani hapana masimbulizi makubwa juu yake. Rihani ni jani la uani. Nani atadaiwa kwa jani la uani? Lakini udi wa leo si rihani. Udi hutoka katika miti iitwayo Aquilaria, ya misitu ya Assam na Kambodia na nchi za jirani zake. Mti ulio mzima hauna harufu hiyo. Ni mpaka ujeruhiwe na kuingiwa na ukungu, ndipo unapotoa utomvu mweusi ndani ya moyo wake kujikinga. Kwa kuwa si kila mti una utomvu, watu walikata wenye nao na wasio nao, hatta miti ikawa haba. Mwaka 1995 aina yake mashuhuri iliingizwa katika mapatano ya mataifa ya kuchunga biashara ya viumbe vinavyokaribia kutoweka, na mwaka 2005 zikaingizwa aina zote za Aquilaria. Basi tola moja ya udi halisi yaweza kupita thamani ya mbuzi. Ukimpa maskini kitu kama hicho, nawe wajua ada yetu ya pwani kuwa chombo cha jirani hakirudi kitupu, umempa harufu pamoja na deni. Wepesi umeondoka, na sababu ikiondoka hukumu yake hutazamwa upya.

Na ikiwa mwenye kupewa ni kadhi aliye na kesi yako, au karani ambaye hati yako iko mezani pake, hapo hatuoni wepesi wowote. Mtume (S.A.W.) alimtuma Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka, aliporudi akasema hii ni yenu na hii nimepewa mimi hadiya, Mtume alikasirika, akauliza kwenye mimbari kwa nini asikae nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama ataletewa. Karani huyo akiirudisha chupa yako, asiambiwe kuwa amevunja sunna. Imehadithiwa pia ya kuwa Umar bin Abdulaziz, miski ya Baitulmali ilipokuwa ikipimwa mbele yake, alijiziba pua. Watu walistaajabu; naye akaona kuwa manufaa ya miski ni ile harufu yenyewe, na kuinusa ni kuila. Watu wa leo watasema ni ukali kupita kiasi. Sisi twasema huyu alijua kuwa harufu ni mali.

Ama yaliyobaki ni mepesi, na wengi wayajua. Mjane aliye katika eda ya miezi minne na siku kumi hapelekewi manukato. Mtu amngojee atoke. Aliyekwisha hirimia Hija hapewi. Mwanamke hachaguliwi yale yatakayotangaza njia nzima kuwa anapita, bali yale ya nyumbani kwake. Mwenye kuona kuwa manukato yenye alkoholi ni najisi, usimpe hayo kwa kuwa wewe wafuata kauli nyingine. Wanavyuoni wa zama hizi wamekhitilafiana, lakini yeye ndiye atakayesali na nguo ile. Wala usiseme "hii ni miski ya paa" ikiwa hujui: miski nyingi ya madukani sasa hufanywa viwandani, naye Leopold Ruzicka ndiye aliyefichua muundo wa asili yake mwaka 1926, na hapana ubaya kuipa, ubaya ni kuisemea uwongo. Na uovu kuliko yote haya ni kumpa mtu manukato kwa kumdokezea kuwa ananuka. Ikiwa wamtakia kheri, mwambie faraghani kwa ulimi wako. Usimfunge kwa sunna ya kupokea, kisha ukamtusi ndani yake.

Tukamwambia kijana: usimnunulie mjomba wako chupa kwa kunusa kizibo, kwa sababu harufu za juu, kama za ndimu, huruka mara moja, na zile nzito za sandali na udi ndizo zitakazolala naye hatta asubuhi. Tia tone mkononi, utembee, urudi baada ya saa. Usinuse nyingi kwa siku moja, pua huchoka ikaanza kusema uwongo. Kisha nenda kwao ukaangalie chupa zake, wala usiziangalie zilizojaa; angalia iliyokwisha. Na hilo la mwisho, ndugu msomaji, tulimwambia kwa bei tuliyoinunua.

Akaenda. Baada ya siku mbili alirudi, na uso wake umebadilika. Alikuwa amemwuliza mkaza mjomba wake, naye akamjibu: "Mwanangu, mjomba wako hasikii harufu yoyote tangu alipougua Korona mwaka 2021. Hakutaka mwambiwe, msije mkamsikitikia." Kijana akasema, basi nimpe kitu kingine. Mama yule akamwambia: "Kwa nini? Kila Ijumaa hujipaka. Huniuliza mimi kama amezidisha."

Hapo tulinyamaza kitambo, kwa kuwa sisi tulikuwa tumemfundisha kuitafuta pua ya mjomba, na pua yenyewe haipo. Ndipo tulipokumbuka kwamba aliyekula kitunguu saumu kibichi amekatazwa kuukaribia msikiti kwa ajili ya maudhi ya wengine, na kwamba manukato ya Ijumaa nayo si ya mtu peke yake, bali aliye kando yake katika safu ana sehemu yake. Mzee yule alikuwa akijipaka kwa ajili ya watu wa msikitini na mkewe, kama shangazi yetu alivyokuwa akijipaka kwa ajili yetu. Tofauti ni kuwa huyu hakuumia nayo, na alikuwa na mtu wa kumwuliza. Tukamwambia kijana: mchukue mkaza mjomba wako dukani, yeye ndiye achague.

Alichagua mafuta ya waridi, nusu tola. Siku ya Idi, kijana alitueleza, mjomba alipokea kwa mikono miwili, akajipaka nyuma ya masikio, akamwombea dua; kisha akamgeukia mkewe akamwuliza: "Yanukiaje?"