Kichwa Kilichorudi Kalenga



Kutoka Unyambwa, kandokando ya mji wa Singida, hata Kalenga katika nchi ya Wahehe, ni safari ya kutwa. Hupitwa Manyoni na Dodoma, huvukwa Mtera, kisha gari hupanda milima hata Iringa. Na toka mjini Iringa zabaki kilomita kama 15 tu. Safari hiyo tuliifanya baada ya mavuno ya alizeti, wazee wawili wa jumuiya, akina mama, watoto kadhaa, pamoja nami niliyetakiwa kuwaongoza.

Ajaye Kalenga kwa kutazamia jumba kubwa atasikitika. Hapo ndipo palipokuwa makao ya serikali ya Mtwa Mkwawa. Ndani ya boma lake zilikatwa hukumu, wakapokewa wajumbe, yakakusanywa majeshi. Na hata jina la Iringa latokana na neno la Kihehe lilinga, maana yake ngome. Tarehe 30 Oktoba 1894 Wajerumani waliibomoa ngome ile. Sasa pana mabaki ya ukuta, makaburi ya ukoo wa watwa, na nyumba ndogo ya makumbusho. Ndani ya nyumba hiyo, katika kisanduku cha kioo, mna fuvu la kichwa cha mtu.

Wenyeji husimulia kuwa mizinga ilipigwa kutoka kilima cha Tosamaganga, na ya kuwa jina hilo lamaanisha kutupa mawe. Juu ya kilima hichohicho ilijengwa baadaye misioni yetu, kwanza kwa kazi ya mapadre Wabenediktini, na tangu mwaka 1919 ya Wakonsolata. Sipendi kulipita jambo hili haraka. Wako wasemao kwamba msalaba ulifuata nyayo za mzinga, na mtu asimamaye Kalenga akatazama kilimani hawezi kuwajibu kwa maneno mepesi. Wamisionari wale walifundisha, waliuguza, walizika watu. Hata hivyo njia waliyoijia ilikuwa imefunguliwa na bunduki, na hilo yatupasa kulikiri bila kuona haya.

Mkwawa alipigana miaka minne tena porini. Rupia 5,000 ziliahidiwa kwa kichwa chake. Mwezi wa Julai 1898, huko Mlambalasi, hali akiwa mgonjwa na amezingirwa, alijipiga risasi kuliko kukamatwa. Kichwa kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Mapatano ya Versailles ya mwaka 1919 yaliagiza kirudishwe katika miezi sita. Miezi sita hiyo ilikuwa miaka 35! Gavana Twining alikileta tarehe 19 Juni 1954, akamkabidhi Adam Sapi, mjukuu wa marehemu, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu. Lakini kaburi la mwili liko Mlambalasi, na kichwa kiko Kalenga.

Mtoto mmoja alikitazama sana, kisha akaniuliza, "Padre, huyu hakubatizwa, tena alijiua. Twaweza kumwombea?" Watu wote walinyamaza. Mzee mmoja wetu aliinamisha kichwa. Baadaye nikajua kwamba katika nyumba yake yuko aliyekufa kifo cha namna hiyo, na kwamba kwa miaka mingi hakuthubutu kumtaja katika nia za Misa.

Nikawakumbusha habari za mfalme Sauli. Naye aliangukia upanga wake mwenyewe ili asikamatwe na adui. Wafilisti walimkata kichwa, wakautundika mwili wake ukutani Beth-Shani. Ndipo watu wa Yabeshi-Gileadi walipotembea usiku kucha, wakaushusha, wakauzika, wakafunga siku saba. Daudi hakuwaambia, Mwacheni, amejiua. Aliwabariki kwa wema wao, na baada ya miaka akaichukua mifupa ile akailaza katika kaburi la baba yake Sauli. Kuzika wafu Kanisa lakuhesabu miongoni mwa matendo ya huruma. Ni nani ajuaye yaliyopita kati ya roho ya mtu na Muumba wake katika dakika ile ya mwisho? Kanisa huwaombea hao nao, na kuwakabidhi kwa rehema ya Mungu.

Bibi mmoja akasema, "Na wale askari je?" Bibi huyu alilelewa kwa masimulizi ya Liti, mama wa Kinyaturu aliyewapiga Wajerumani kwa nyuki, wala hakutazamiwa kuwahurumia adui. Alikuwa amesikia jinsi Wahehe walivyolishinda jeshi la Zelewski kule Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891. Wajerumani waliokufa siku ile walikuwa wachache. Waliobaki katika majani, zaidi ya mia mbili, walikuwa askari Waafrika waliotolewa Sudani na Msumbiji, na wapagazi. Mama zao waliwangoja. Hakuna mkataba ulioagiza mifupa yao irudishwe popote.

Tarehe 1 Novemba 2023, siku ya Watakatifu Wote, Rais Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea akaomba msamaha kwa mambo ya vita vya Maji Maji. Fuvu la Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906, lilikuwa halijapatikana hata siku hiyo. Wajukuu wake wangali wadai haki ambayo Yabeshi-Gileadi waliitimiza kwa usiku mmoja.

Tulisali nje, karibu na mabaki ya ukuta. Mzee yule aliomba aanze yeye. Alimtaja Mkwawa, akawataja askari wa Lugalo wasio na majina, akanyamaza kitambo, kisha akalitaja kwa sauti jina la mwanawe. Sote tukaitikia.