Mlokole na Mwenye Siasa Kali

Hapa Mbeya, na hata Iringa, Mkristo anayekesha kanisani akiomba huitwa mlokole. Ni neno la Kiganda, lililoenea kwa uamsho wa miaka ya 1930, yaani aliyeokoka. Muislamu anayefuga ndevu na kuwahi swala ya alfajiri hakawii kuitwa mwenye siasa kali. Siasa ipi? Neno la kwanza, hata likisemwa kwa kejeli, linataja imani; la pili linamtia mtu hatiani kabla hajatenda. Anayemwaga damu aitwe muuaji, awe wa dini yoyote. Nasi Waislamu tuache kumdhihaki ndugu yetu anayeshikamana na Sunna kutuzidi. Suratul Hujurat, aya ya 11, imekwishakataza kuitana majina mabaya.