Je, Ni Halali Kumtisha Mtoto Ili Alale?

Mtoto wa miezi minane au tisa akianza kutambaa, usiku huamka, hushika nguzo ya hema na kukataa kulala. Hapo husikika: "Nyamaza, askari wanakuja!" Je, si neno tu? Yeye haelewi maneno, lakini husikia hofu katika sauti. Kaka na dada zake wanaelewa, kwa maana askari walikuja kweli. Tulikimbia ili watoto walale salama. Tusiilete vita mkekani. Zaburi ya 131, ikieleza moyo uliotulia, inamtaja mtoto aliye kwa mama yake. Basi tumwimbie wimbo uleule kila jioni, tumlaze tena polepole kila asimamapo. Anayenyamazishwa kwa hofu hajapata amani.